Vita Viliisha, Sumu Ikabaki

Wanajeshi wa Marekani waliorudi nyumbani wakiwa wazima waliugua miaka mingi baadaye. Walipouliza sababu, waliambiwa walete ushahidi. Makala haya yanaeleza jinsi walivyoutafuta.

JERAHA la risasi halihitaji maelezo. Askari akirudi nyumbani na kovu kifuani au akitembea kwa gongo, hata mtoto wa darasa la kwanza huelewa kwamba mtu huyu alikuwa vitani. Serikali nayo humpima, humfungulia faili na kumlipa pensheni ya ulemavu.

Lakini vipi kuhusu yule aliyerudi bila hata mkwaruzo? Alishuka kwenye ndege akiwa mzima kama kigongo, akaoa, akapata kazi na watoto. Kisha miaka 10 au 20 baadaye, daktari akamwita kando na kumwambia kwamba ana saratani. Huyu atamwonyesha nani kovu lake?

Swali hili limewasumbua maelfu ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, kuanzia wale waliopigana Vietnam hadi wale waliorudi juzijuzi kutoka Iraq na Afghanistan. Kila walipobisha katika ofisi za serikali waliulizwa jambo moja: una ushahidi gani kwamba ni jeshi lililokufanya uugue? Na ushahidi wenyewe, msomaji, ulikuwa umefungiwa katika makabati ya jeshi lile lile.

Huenda ukauliza haya yanatuhusu nini sisi hapa Kenya. Kwanza, wapo vijana wetu waliohamia Marekani wakajiunga na jeshi la huko, na wazazi wao wako hapa nyumbani. Pili, kama tutakavyoona, dawa iliyozua balaa hili haikuwa ngeni katika ardhi yetu.

ILIKOTOKA DAWA YENYEWE

Wengi hudhani kwamba habari hii ilianzia Vietnam. La hasha! Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wataalamu wa Uingereza na Marekani waligundua kemikali zinazoweza kuufanya mmea ukue kwa kasi isiyo ya kawaida hadi ujiue wenyewe. Mbili kati ya hizo zilipewa majina ya 2,4-D na 2,4,5-T. Vita vilipokwisha, zikaanza kuuzwa kwa wakulima kama dawa za kuua magugu.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Kituo cha kufanyia majaribio dawa za kukausha miti kiliwekwa Kikore, Tanganyika. Mnamo 1952 na 1953 dawa ya 2,4,5-T ilinyunyizwa kutoka angani hapa Kenya, ili ijulikane kama kukausha vichaka kungesaidia kuwamaliza mbung'o. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Waingereza walizitumia dawa za aina hii huko Malaya kuharibu vichaka na mashamba ya wapiganaji wa msituni.

Wamarekani walikuwa wakitazama. Mwaka wa 1962, walipokuwa wakizidi kujiingiza katika vita vya Vietnam, walianzisha operesheni iliyoitwa Ranch Hand. Ndege aina ya C-123 zilifungwa matangi na mabomba, zikawa zinaruka chini chini juu ya misitu na kuinyunyizia dawa. Nia ilikuwa kuyaangusha majani ili maadui wakose pa kujificha, na pia kuharibu mazao yao ili wakose chakula.

Dawa ililetwa katika mapipa ya lita 208, na kila pipa lilizungushiwa mstari wa rangi ili kutambulisha aina ya dawa iliyomo. Kulikuwa na mapipa ya mstari mweupe, wa buluu, wa zambarau na kadhalika. Yaliyotumiwa zaidi yalikuwa na mstari wa rangi ya machungwa, na ndiyo maana dawa hiyo ikaitwa Agent Orange. Ilikuwa mchanganyiko wa 2,4-D na 2,4,5-T. Operesheni ilipokomeshwa mwaka wa 1971, zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kila aina zilikuwa zimemwagwa.

Askari waliambiwa kwamba dawa hiyo ni ya majani na haimdhuru binadamu. Kwa hivyo hawakujikinga. Walipita katika misitu iliyotoka kunyunyiziwa, wakanywa maji ya vijito vilivyokuwa humo, na wengi wamesimulia jinsi mapipa matupu yalivyokatwa yakatumiwa kuchomea nyama au kuwekea maji ya kuoga.

Kumbe ndani ya 2,4,5-T mlikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekusudia kiwemo. Dawa hiyo inapotengenezwa, na hasa joto linapozidi kiwango kiwandani, hutokea uchafu wa kemikali uitwao dayoksini. Aina iliyokuwa katika Agent Orange ndiyo kali zaidi katika jamii yake yote. Ikiingia mwilini hujificha katika mafuta, na huchukua kati ya miaka 7 na 11 kabla ya nusu yake kutoka. Mwaka wa 1997, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dayoksini ya aina hiyo husababisha saratani kwa binadamu. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

SIMU YA CHICAGO

Habari hizi zingeweza kuzikwa pamoja na wagonjwa wenyewe kama si mwanamke mmoja aliyeitwa Maude DeVictor. Mama huyu alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika ofisi ya Chicago ya idara ya serikali inayowahudumia wanajeshi wastaafu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia kujaza fomu za malipo.

Mwaka wa 1977 alipigiwa simu na mke wa mwanajeshi aliyekuwa mahututi kwa saratani. Mama huyo alisema mumewe aliamini kwamba alidhurika kwa kemikali alizokutana nazo Vietnam. Wengine wangeandika maelezo hayo na kuyasahau. DeVictor hakuyasahau. Alianza kuwauliza wastaafu wengine waliofika mezani pake: ulikuwa wapi, uliona nini kikinyunyizwa, unaugua nini? Majibu yakawa yanafanana.

Wakubwa wake walimtaka aache. Badala yake habari zilimfikia Bill Kurtis, mtangazaji wa kituo cha televisheni cha WBBM huko Chicago, na mnamo Machi 1978 kikaonyeshwa kipindi kuhusu jambo hilo. Baada ya kipindi hicho, simu zikaanza kumiminika kutoka kila pembe ya nchi. Watu waliokuwa wakiugua peke yao, kila mmoja akidhani ni bahati yake mbaya, waligundua kwamba wako wengi. DeVictor mwenyewe baadaye alifutwa kazi.

Mwaka huo huo kijana aitwaye Paul Reutershan, aliyekuwa amehudumu katika helikopta Vietnam, alijitokeza kwenye televisheni ya taifa akasema kwamba aliuawa Vietnam bila ya yeye mwenyewe kujua. Alikuwa na saratani ya tumbo. Kijana huyo hakuwa akivuta sigara wala kunywa pombe, na alikumbuka vizuri jinsi helikopta yao ilivyopita katika ukungu wa dawa. Alifungua kesi na kuanzisha chama cha waathiriwa. Desemba 1978 alifariki akiwa na umri wa miaka 28. Wenzake wakaichukua kesi hiyo na kuiendeleza.

WAMSHTAKI NANI?

Hapo ndipo walipogonga ukuta wa kwanza. Tangu mwaka wa 1950, Mahakama Kuu zaidi ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba mwanajeshi hawezi kuishtaki serikali kwa madhara aliyoyapata akiwa kazini. Kwa hiyo, aliyewapeleka Vietnam hakuweza kushtakiwa. Walibaki waliotengeneza dawa, na miongoni mwao zilikuwa kampuni kubwa za Dow na Monsanto.

Kesi ilifika mbele ya Jaji Jack Weinstein huko Brooklyn, New York. Kampuni zilijitetea kwamba zilitengeneza tu kile serikali ilichoagiza, na kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa dawa hiyo ndiyo iliyomuugua mtu yeyote. Mnamo Mei 7, 1984, siku ile ile kesi ilipotarajiwa kuanza kusikizwa, pande mbili zilikubaliana nje ya mahakama. Kampuni 7 zingelipa dola milioni 180 bila kukiri kosa lolote.

Dola milioni 180 ni pesa nyingi ukizitaja kwa mdomo. Lakini hebu zigawe. Watu wapatao 105,000 waliomba fidia. Waliopata ni kama 52,000, na kwa wastani kila mmoja alipokea dola 3,800 hivi. Kwa mtu anayetibiwa saratani nchini Marekani, hizo si pesa za kumfikisha mbali. Hali kadhalika, wengi walilalamika kwamba walichokuwa wakitaka hasa si pesa. Walitaka kusikia mahakama ikitamka ni nini kilichowapata, na kesi ilipomalizwa kwa makubaliano, fursa hiyo ilipotea.

'LETE USHAHIDI'

Ukuta wa pili ulikuwa katika ofisi za serikali. Mwaka wa 1984, Bunge la Marekani liliagiza idara ya wastaafu iweke kanuni za kushughulikia madai yanayohusu dayoksini. Kanuni zilipotoka mwaka uliofuata, idara ilikubali ugonjwa mmoja tu: upele mbaya wa ngozi unaofanana na chunusi. Mengine yote, saratani zikiwemo, yalikataliwa. Ili ukubaliwe ilitakiwa sayansi iwe imethibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa.

Hebu fikiria maana ya sharti hilo. Mkulima wa Ohio au dereva wa lori wa Texas, mgonjwa na asiye na kazi, alitakiwa kuthibitisha kitu ambacho maprofesa wenyewe walikuwa bado wanabishania. Isitoshe, ili athibitishe alihitaji kujua ni siku gani ndege ilipita wapi, na kikosi chake kilikuwa umbali gani. Kumbukumbu hizo hazikuwa nyumbani kwake.

Serikali ilikuwa imeanza utafiti mkubwa kupitia kituo chake cha kudhibiti magonjwa, lakini mwaka wa 1987 utafiti huo ulifutwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba haingewezekana kujua kwa hakika ni askari gani aliyefikiwa na dawa. Miaka 3 baadaye kamati ya Baraza la Wawakilishi ilitoa ripoti kali ikisema kwamba utafiti huo uliharibiwa kwa sayansi mbovu na kwa siasa.

Je, ni kweli haikuwezekana? Mwaka wa 2003 kundi la watafiti lililoongozwa na Jeanne Stellman wa Chuo Kikuu cha Columbia lilichapisha kazi yake katika jarida la Nature. Walichukua kumbukumbu za safari za ndege zile zile za jeshi, wakazilinganisha na ramani za vijiji na za kambi. Waligundua kwamba dawa iliyomwagwa ilikuwa nyingi kuliko ilivyokuwa ikisemwa, na kwamba watu kati ya milioni 2.1 na milioni 4.8 waliishi katika vijiji vilivyonyunyiziwa. Kumbe kumbukumbu zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma kwa makini.

Mlango ulianza kufunguka Mei 1989. Jaji wa mahakama ya serikali kuu huko San Francisco aliamua kwamba idara ya wastaafu ilikuwa imeweka sharti zito kuliko lile lililokusudiwa na Bunge. Bunge halikumtaka mgonjwa athibitishe chanzo bila shaka yoyote. Lilitaka ionyeshwe tu kwamba waliofikiwa na dawa wanaugua ugonjwa fulani kwa wingi usio wa kawaida. Madai yaliyokuwa yamekataliwa chini ya kanuni hizo ikabidi yafunguliwe upya.

BABA ALIYETOA AMRI

Katika habari hii yote hakuna jamaa inayogusa moyo kama ile ya Zumwalt. Admirali Elmo Zumwalt ndiye aliyeongoza majeshi ya majini ya Marekani huko Vietnam kuanzia mwaka wa 1968. Mashua zake ndogo zilipita katika mito na mifereji myembamba, na adui alijificha ukingoni hatua chache tu kutoka majini. Kwa maelezo yake, mabaharia kama 6 katika kila 100 walikuwa wakiuawa au kujeruhiwa kila mwezi. Akaamuru kingo za mito zinyunyiziwe Agent Orange. Miti ikakauka, mashambulizi yakapungua, na vijana wake wakaacha kufa kwa wingi.

Mmoja wa makamanda wa mashua hizo alikuwa mwanawe wa kumzaa, Elmo Zumwalt wa Tatu. Kijana alirudi salama, akasoma sheria, akawa wakili mwenye mke na watoto. Mwaka wa 1983 alipatikana na saratani ya tezi, na miaka miwili baadaye akapatikana na saratani nyingine, ile iitwayo Hodgkin. Mtoto wake wa kiume alizaliwa akiwa na matatizo yaliyomfanya apate taabu sana katika masomo.

Baba na mwana waliketi wakaandika kitabu pamoja, kilichotoka mwaka wa 1986. Mwana aliamini kwamba dawa ndiyo iliyomuugua, lakini hakumlaumu baba yake. Baba naye alisema wazi kwamba angetoa amri ile ile tena, kwa sababu iliokoa maisha ya mabaharia wengi. Mnamo Agosti 1988 mwana alifariki akiwa na umri wa miaka 42.

Admirali angeweza kujifungia nyumbani na huzuni yake. Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1989 waziri aliyehusika na wastaafu alimwomba auchunguze upya ushahidi wote wa kisayansi, na Mei 1990 akakabidhi ripoti yake. Alisema kwamba tafiti kadhaa zilizotumiwa kuwanyima wastaafu haki zilikuwa na kasoro, na kwamba kwa magonjwa mengi uwezekano wa dawa kuwa chanzo ulikuwa angalau nusu kwa nusu. Pale ambapo mizani imelingana, alisema, anayestahili kupewa nafasi ni mgonjwa.

Maneno hayo yalikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya aliyeyasema. Hakuwa mwanaharakati wala wakili wa kampuni. Alikuwa mtu aliyetia sahihi amri yenyewe, na aliyemzika mwanawe.

MZIGO WAHAMISHWA

Mnamo Februari 6, 1991, Rais George Bush alitia sahihi sheria iliyobadilisha mambo. Tangu hapo, mwanajeshi yeyote aliyekanyaga Vietnam kati ya Januari 1962 na Mei 1975 anachukuliwa kwamba alifikiwa na dawa. Hahitaji kuonyesha ni siku gani wala ni msitu gani. Akiugua ugonjwa ulio katika orodha, analipwa na kutibiwa. Wanasayansi wa Chuo cha Taifa cha Sayansi walipewa kazi ya kuupitia ushahidi mara kwa mara na kusema ni magonjwa gani yanayofaa kuongezwa.

Orodha ilianza na magonjwa matatu. Ugonjwa wa Hodgkin uliingia miaka michache tu baada ya kumuua Zumwalt mdogo. Zikafuata saratani za mapafu na koo, halafu ile ya tezi dume mwaka wa 1996. Mwaka huo huo sheria nyingine iliwakubali watoto wa wanajeshi hao waliozaliwa na mgongo wazi. Kisukari cha watu wazima kiliongezwa mwaka wa 2001. Mwaka wa 2010 ukaongezwa ugonjwa wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa, pamoja na ugonjwa wa Parkinson, ule unaomfanya mtu atetemeke.

Hata hivyo, ubishi haukwisha. Mabaharia waliokuwa katika meli kubwa nje ya pwani waliambiwa hawahesabiwi kwa sababu hawakukanyaga ardhi. Watafiti wa Australia walikuwa wameonyesha mwaka wa 2002 kwamba mitambo ya melini iliyogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa ingeweza kuikusanya dayoksini badala ya kuiondoa. Pamoja na hayo, mabaharia hao walingoja hadi mwaka wa 2019 ndipo sheria ikawatambua. Shinikizo la damu nalo liliingia katika orodha mwaka wa 2022, zaidi ya miaka 50 tangu dawa ya mwisho imwagwe. Wengi waliolingojea walikuwa wamekwisha kuaga dunia.

GHUBA, IRAQ NA AFGHANISTAN

Mtu angedhani kwamba baada ya funzo la Vietnam makosa hayangerudiwa. Lakini wapi! Machi 1991, vita vya Ghuba vilipomalizika, wanajeshi wa Marekani walilipua maghala ya silaha mahali paitwapo Khamisiyah, kusini mwa Iraq. Baadhi ya maroketi yaliyolipuliwa yalikuwa na gesi ya sumu iitwayo sarini. Wizara ya ulinzi ilikubali hadharani mwaka wa 1996, miaka mitano baadaye. Mwanzoni ilisema waliohusika ni mamia tu ya askari. Kufikia mwaka wa 1997, hesabu ilikuwa imepanda hadi karibu 100,000.

Wakati huo askari wengi waliotoka Ghuba walikuwa wakilalamika kwamba wana uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo na kusahausahau. Wengi waliambiwa ni mawazo tu. Mwaka wa 2008 jopo la wataalamu lililoundwa kwa amri ya Bunge lilitamka kwamba ugonjwa huo ni wa kweli, na kwamba umempata angalau mmoja kati ya kila wanne waliopelekwa.

Kisha vikaja vita vya Afghanistan na Iraq. Katika kambi nyingi, takataka zilitupwa katika mashimo makubwa, zikamwagiwa mafuta ya ndege na kuchomwa. Ziliteketezwa plastiki, betri, magurudumu, dawa za hospitalini na hata vinyesi. Shimo la kambi ya Balad, Iraq, lilikuwa na ukubwa wa ekari 10 hivi. Moshi mweusi ulitanda usiku na mchana juu ya mahema waliyolala askari.

Waliporudi na kuanza kuugua mapafu, waliulizwa swali lile lile waliloulizwa baba zao: una ushahidi gani? Hadi mwaka wa 2020, zaidi ya robo tatu ya madai yaliyotaja mashimo hayo yalikuwa yamekataliwa.

Mmoja wa walioathirika alikuwa Sajini Heath Robinson kutoka Ohio, aliyehudumu Kosovo na Iraq. Alifariki mwaka wa 2020 kwa saratani ya mapafu. Mkewe na mama mkwe wake hawakunyamaza. Waliwafuata wabunge ofisi baada ya ofisi. Julai 2022, mswada waliokuwa wakiupigania ulipokwama katika Seneti, wastaafu walilala nje kwenye ngazi za jengo la Bunge, mvua na jua, hadi ulipopitishwa. Rais Joe Biden aliutia sahihi mnamo Agosti 10, 2022, na sheria hiyo ina jina la Sajini Robinson. Magonjwa zaidi ya 20 yalikubaliwa kwa mpigo. Kufikia katikati ya mwaka wa 2024, madai zaidi ya milioni moja yalikuwa yamepitishwa.

WALIOBAKI NJE YA MLANGO

Haitakuwa haki kumaliza bila kuwataja wenye nchi. Wamarekani waliondoka Vietnam, lakini wanavijiji walibaki pale pale, wakilima udongo ule ule na kula samaki wa mabwawa yale yale. Shirika la Msalaba Mwekundu la Vietnam linakadiria kwamba watu wapatao milioni 3 wameathiriwa, wakiwemo watoto waliozaliwa na ulemavu miaka mingi baada ya vita.

Mwaka wa 2004, baadhi yao walizishtaki kampuni za Marekani mbele ya Jaji Weinstein yule yule. Kesi ilitupwa mwaka uliofuata, na mwaka wa 2009 Mahakama Kuu zaidi ilikataa kuisikiliza rufaa yao. Mama mmoja, Tran To Nga, aliyekuwa mwandishi wa habari wakati wa vita na sasa ni raia wa Ufaransa, alijaribu bahati yake katika mahakama za huko. Alishindwa mwaka wa 2021, akakata rufaa, na Agosti 2024 akashindwa tena akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Mahakama zilisema kampuni hizo zilikuwa zikitekeleza matakwa ya serikali ya Marekani.

Kilichofanyika ni kusafisha udongo. Katika uwanja wa ndege wa Da Nang, ambako mapipa yalikuwa yakihifadhiwa, Marekani na Vietnam zilishirikiana kuanzia mwaka wa 2012 hadi 2018 kuuchoma udongo kwa joto kali ili kuiua dayoksini. Kazi kama hiyo ilianza Bien Hoa mwaka wa 2019. Wagonjwa wenyewe hupata misaada, lakini hakuna sheria inayowaambia, kama inavyowaambia wanajeshi wa Marekani, kwamba wanaaminiwa.

FUNZO KWA JAMAA ZETU

Ukiitazama safari hii yote, msomaji, utaona kwamba sayansi peke yake haikuwaokoa wagonjwa hawa. Sayansi huenda polepole, na saratani haingoji. Walipata nafuu pale sheria ilipokubali kwamba aliyemtuma mtu kwenye hatari, na aliye na kumbukumbu za hatari hiyo, ndiye anayepaswa kubeba mzigo wa kueleza.

Nasi tuna sheria inayofanana na hiyo kwa kiasi fulani. Sheria ya mwaka wa 2007 kuhusu fidia kwa wanaoumia kazini hapa Kenya inatambua pia maradhi yanayotokana na kazi, si ajali tu. Inawahusu waajiriwa wote, wa serikali na wa kampuni, isipokuwa wanajeshi. Lakini mfanyakazi wa kiwanda cha rangi, wa shamba la maua au wa karakana ya betri anayeugua baada ya miaka 15 atakabiliwa na swali lile lile la ushahidi.

Kwa hivyo, kama una mume, mke, ndugu au mtoto anayefanya kazi penye kemikali, moshi au vumbi, msaidie kuweka kumbukumbu leo akiwa bado mzima. Hifadhini barua ya kuajiriwa na kadi za kliniki. Andikeni katika daftari tarehe, mahali, jina la dawa lililo kwenye pipa na majina ya wenzake. Akienda kwa daktari, amweleze kazi anayofanya hata kama hakuulizwa.

Na mgonjwa akisema kwamba anashuku kazi yake ndiyo iliyomuugua, asichekwe. Maude DeVictor hakuwa daktari wala mwanasheria. Alipokea simu ya mke wa mgonjwa, akasikiliza, kisha akamuuliza mgonjwa mwingine maswali yale yale.